Kombe

Bwana Nandonde, mthamini wa vitu vya kale,
alikuja Mikindani na taa ndogo ya kumulikia,
akavaa glavu nyeupe kabla hajaigusa sahani
ambayo asubuhi ile ile
nilikuwa nimeifunikia dagaa.

Akaigeuza. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Ya Uchina," akasema, "ila haikutengenezwa kwa ajili yenu.
Waliiagiza Wazungu, ukoo wa watu wakubwa.
Tazama ngao. Tazama simba. Tazama jina."

Nikatazama, kana kwamba sijapata kuiona.
Simba yule namjua tangu natambaa:
uso wa mbwa aliyefukuzwa jikoni,
mkia kama uzi wa mwani.
Aliyemchora hakuwahi kuona simba
wala mwenye simba.
Alipewa karatasi, akaambiwa fuatisha,
naye akafuatisha hata doa la wino lililodondoka kwa bahati mbaya;
herufi moja akaipa kisogo,
akaenda zake kula wali, vidole vimekufa ganzi.
Namheshimu.
Hata mimi nilisomeshwa hivyo chuoni,
herufi kwa herufi, maana utaikuta mbele.

"Dhahabu iko wapi?"
Taa yake ilizunguka ukingoni kama nzi.
"Hapa palikuwa na dhahabu. Hapa wekundu, ulimi wa simba.
Buluu imelala chini ya kioo, haitoki,
lakini hizi zilikuwa rangi za juu.
Nani amezisugua?"

Nikamweleza habari za Bibi Somoe.
Zafarani aliiloweka kwa marashi,
akachonga kalamu ya mwanzi,
akaandika Ayatul Kursi juu ya ngao,
juu ya simba, juu ya jina la watu wakubwa,
mstari ukizunguka hadi ukakutana na mwanzo wake.
Kisha maji ya kisima. Kisha kidole cha shahada kikisuuza
polepole. Kisha kinywa cha mgonjwa.
Mimi nilinyweshwa kwa degedege,
kaka yangu Likwena kwa surua,
shangazi Esha kwa jambo ambalo halikutajwa.
Kabla ya Bibi aliandika mama yake, na kabla yake mwingine.
"Dhahabu," nikasema, "tumeinywa."

Hakucheka. Aliandika.

"Na iliwafikiaje?"

Ningeweza kumwambia meli ilipasuka mwambani,
ndivyo wasemavyo wenye sahani wengi huku kwetu.
Bibi alisema mara moja tu, akichambua mchele,
bila kuinua macho:

Zilishuka sahani kumi na mbili.
Akapanda binti wa watu, mmoja.
Mdogo wake alipiga kelele,
basi akapewa hii moja aishike, anyamaze.

Akatupa chuya.
Huyo mdogo ndiye aliyemzaa aliyemzaa aliyetuzaa.

Kwa hiyo kila alipoandika, kabla ya Bismillahi,
Bibi aliinama akatamka jina ndani ya sahani,
midomo karibu iguse, kama anayepuliza uji.
Jina lenyewe sikumpa Bwana Nandonde
na hapa siliandiki.
Lilitamkwa, likalowa, likanywewa.
Mimi ninalo.

Mthamini aliihesabu mishono:
pini tano za shaba, fundi hajulikani,
ufa kutoka sikio la simba hadi ukingoni.
"Ingekuwa nzima, na dhahabu yake," akasema,
"ningekutajia mamilioni. Ilivyo hivi,
samahani dada, haina bei."

"Hapo," nikasema, "tumeelewana."

Akavua glavu, ya kushoto, ya kulia,
akazikunja kama mtu anayekunja barua aliyokwisha kuisoma.
Mlangoni akasimama akinipa mgongo.
Nikadhani amesahau taa.

"Mtoto wangu," akasema, akaishia hapo.
Kuku akapita katikati yetu.
"Hiyo zafarani,
siku hizi mnaipata wapi?"

Nikamwambia aketi.
Nikaichukua sahani, nikaenda uani
kuitoa harufu ya dagaa.